Saa ya Kulwa na Mtamba Wangu

Watu wa rika langu mnaikumbuka chanjo ya ndui, ile ya kukwaruzwa begani ikaacha kovu la mviringo kama mtu amebonyeza kidole kwenye ugali wa moto. Mambo mengi ya udogo ule yamenitoka, lakini hilo halijanitoka, kwa sababu ya harufu ya spiriti. Mpaka leo nikipita upande ule wa zahanati upepo ukaniletea spiriti, bega langu la kushoto linasisimka lenyewe.

Tulikwenda asubuhi, Mama katikati, mimi nimeshika upindo mmoja wa khanga yake na ndugu yangu ameshika wa pili, maana hata upindo wa khanga tuligawana. Dada wa chanjo alikuwa amekaa nje ya ghala la pamba na meza yake ndogo, watoto wanalia mstari mzima. Akamvuta ndugu yangu, akamkwaruza, akamwachia. Mimi kuona hivyo nikajipenyeza nyuma ya magunia ya pamba, nikanyamaza kimya kama sungura. Ndugu yangu akazunguka kumtafuta Mama, machozi yamemjaa, akapita tena mbele ya ile meza. Yule dada akasema, "Haya, na pacha mwingine huyu," akamkwaruza mara ya pili. Mtoto alikuwa analia tu, angesema nini? Na mimi kule nyuma ya magunia nikamshukuru Mungu.

Jioni Bibi, mama yake baba, alipokuwa anatuogesha, akaona bega la mwenzangu lina vidonda viwili na langu jeupe. Akamwita Mama. "Mama Kulwa, njoo uone. Huyu amechanjwa mara mbili. Na huyu mwingine je, hana mama?"

Kesho yake Mama akanifunga mgongoni, umri ule nimeshakuwa mzito, akawafuata wale watu wa chanjo kijiji cha pili. Yule dada akanikwaruza, Mama hakuondoka.

"Bado moja," Mama akasema.

"Mama, moja inatosha."

"Hawa ni mapacha, dada yangu. Mwenzake ana mbili."

"Ya pili inaweza kumdhuru."

"Kwani mwenzake imemdhuru?"

Yule dada akacheka, akachukua pamba, akanisugua spiriti pembeni ya kidonda, akasema haya, tayari ya pili. Mama akaridhika. Lakini vidonda vilipokauka, ndugu yangu Kulwa akatoka na makovu mawili na mimi moja. Msinicheke: nilimwonea wivu ndugu yangu wa kovu. Nilikuwa najikwaruza kwa mwiba pembeni ya kovu langu ili lizae lingine, halikuzaa.

Sasa mnaofahamu kwetu Samuye mnajua kwa nini Mama alihangaika hivyo. Mapacha hawapewi kitu kimoja. Ukija na kitambaa unakata viwili. Yai moja Mama alilikata kwa uzi. Mgeni akija na zawadi moja, anaambiwa kwa heshima ondoka nayo, utaleta siku ukiwa na mbili. Bibi alikuwa anasema pacha akipunjwa anakasirika, na akikasirika anarudi alikotoka. Alikotoka ni wapi hakusema, na sisi hatukuuliza, tulijua si mbali na makaburi.

Pamoja na uangalifu wote huo, kuna kitu kimoja hawakuweza kukikata kwa uzi. Jina. Yeye alitangulia kutoka, akawa Kulwa. Mimi nikafuata, nikawa Doto. Basi mama yangu akawa Mama Kulwa na baba yangu akawa Baba Kulwa, kisimani, kanisani, kwenye mkutano wa kijiji, kila mahali. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwita mama yangu Mama Doto. Nilikuwa nasikiliza. Mtoto anasikiliza sana kuliko mnavyodhani.

Haya, nimefikaje huku? Ni huyu mjukuu wangu Masunga. Juzi alinichukua mnadani Tinde, na kule kuna kijana anauza saa, amezitundika kwenye ubao kama mishikaki. Masunga akashika moja. Ina uso mweusi, namba kubwa, mkanda wa kitambaa kigumu cha kijani kama mkanda wa mgambo, na pete ya meno juu yake ambayo ukiizungusha inalia trr, trr. "Babu," akasema, "hii ni ya kijeshi, ya wapiga mbizi. Ya betri. Bei yake ndogo kweli. Unaonaje, inafaa kununua?" Mimi nikanyamaza. Yule kijana muuzaji akamwambia, "Mzee hasikii vizuri." Nilikuwa nasikia vizuri sana. Nilikuwa nasikia trr, trr, na si ya saa ile.

Mjomba wetu, mdogo wake Mama, alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Ilikuwa miaka ile vita vya Kagera vimeshakwisha na dukani hakuna kitu, mnaikumbuka, sabuni tunaifulia nguo mpaka inabaki kama ukucha, na hata huo ukucha unafichwa. Mjomba akija, anakuja na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na kicheko chake unakisikia kabla ya yeye mwenyewe. Akipata chochote huko kwenye maduara, yaani mashimo yao, alinunua ng'ombe akawaacha zizini kwetu Baba amtunzie. Wakati huo alikuwa nao wanne.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuchunga. Tulichunga kwa zamu, siku zisizo za shule, leo mimi kesho yeye. Nikarudi na ng'ombe alasiri, nikakuta uwanja wetu umejaa watoto. Kulwa amekaa juu ya kinu kilichofunikwa, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele kama anaukausha.

"Doto, njoo uone," akasema. "Usiguse."

Nikaiona. Siwezi kuwaeleza. Kwetu saa alikuwa nayo padri, na mwalimu mkuu, na hiyo ya mwalimu ilikuwa imeharibika. Hii ilikuwa nyeusi kama jicho la ng'ombe, mshale mwembamba unatembea, namba za kawaida nje na namba nyingine ndani, kumi na tatu mpaka ishirini na nne. Na ile pete. Kulwa akaizungusha, trr, watoto wakasema aah.

Nikamsalimu Mjomba. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, ngosha. Ng'ombe wameshiba?"

"Wameshiba." Nikawa namwangalia mikono. Mikono mitupu. Nikajua ya kwangu iko kwenye mkoba. Mtoto anaweza kujua kitu ambacho hakipo. Nikauzungukia ule mkoba, nikaleta maji ya kunawa nikayaweka karibu nao, nikafagia pale pasipo na takataka, mwisho nikautia mkono. Blanketi chafu na kipande cha mshumaa. Basi.

Mjomba anawaeleza wakubwa. "Saa hii haijazwi. Zile za zamani kila asubuhi unazungusha kifungo. Hii inakula mkononi."

"Inakula nini?" Bibi akauliza.

"Mapigo ya damu, mama. Ndivyo alivyoniambia mfanyabiashara wa kule. Ukiivua ukaitupa, inalala. Na maji haiyaogopi. Mita mia mbili kwenda chini."

"Mita mia mbili chini ya maji, mtu amefuata nini?"

"Wanajeshi hao, mama. Wapiga mbizi."

Baba akasema, "Lambo letu linamfikia ng'ombe tumboni. Kulwa itabidi alale chali." Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Na ya Doto iko wapi?"

Mjomba akajikuna shingo. Akasema ilikuwa moja, aliivaa mwenyewe, lakini mtoto alikimbia kumpokea mzigo kule barabarani, akafurahi, akaivua akamvika, hakufikiri.

"Hukufikiri," Bibi akasema. "Basi ivue."

Kulwa akaikumbatia ile saa kifuani. Na mimi, kwa sababu naandika kwa watu wazima wenzangu sitadanganya, niliomba avuliwe. Sikuomba nipewe mimi. Niliomba avuliwe yeye, irudi kwenye mkono wa Mjomba iende zake Geita, tubaki wawili tusio na kitu. Hiyo ndiyo haki niliyoitaka.

Mjomba akaona aibu kumvua mtoto mbele za watu. Akasimama, akaelekeza kidole zizini. "Doto achukue yule mtamba mwenye baka jeupe kifuani. Awe wake kabisa."

Wanaume wakapiga mluzi. Mtamba, tena mzuri vile, kwa mtoto. Baba akamwambia, "Shemeji, sasa umempunja Kulwa." Kila mtu akacheka, kila mtu akanitazama mimi kama niliyeokota almasi. Bibi akanisukuma mgongoni. "Ng'wanone, sema wabeja." Nikasema wabeja, yaani asante, Mjomba, huku machozi yananitoka. Wakasema angalieni mtoto analia kwa furaha.

Mtamba havaliki mkononi, ndugu zangu. Huendi naye shule.

Na shule ndiko nilikouawa. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari imening'inizwa, na ilipigwa kwa kukisia jua. Mwalimu mkuu alipoona mkono wa Kulwa akasema kuanzia leo kengele ni yake. Wakaanza kumwita Afande. Afande, saa ngapi. Afande, bado sana? Kulwa akawa anakunja mkono mmoja wa shati, wa kushoto tu, hata kukiwa na baridi ya mwezi wa sita. Akaacha kubeba kuni upande huo. Wanawake kisimani, ambao saa haikuwasaidia chochote, wakawa wanamwuliza ili wamwone akiinua mkono. Siku moja mzee jirani alimwuliza, naye akasoma zile namba za ndani, akasema, "Saa kumi na sita, babu." Yule mzee akatazama juu. "Mjukuu wangu, jua hili nimeishi nalo. Halina saa kumi na sita." Nilifurahi siku ile peke yake. Nilienda nalo hilo neno wiki nzima, kila Kulwa akisema saa, mimi nasema jua halina hiyo.

Palikuwa na jambo la kihenge pia. Zile namba na mishale zilikuwa na rangi inayowaka ukiwa gizani, kijani kama jicho la paka. Mchana Kulwa alikuwa anawaingiza watoto kwenye kihenge cha mtama wawili wawili, anafunga kifuniko, humo ndani wanaona ule mwanga, wanatoka wamejaa makapi nywele nzima na macho makubwa. Kiingilio ni ngumi ya karanga. Mimi hakunidai karanga. "Wewe ingia bure," alisema, "wewe ni ndugu." Ndiyo sababu sikuingia. Nilikaa nje nasikia wanavyocheka mle ndani kwa sauti ya kuzibwa, nikawa nawaza kifuniko kiwadondokee.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni Baba. Baba yangu alikuwa mtu wa kutazama kivuli cha miguu yake akajua wakati wa kunywesha, wakati wa kukamua. Hakuwahi kukosea. Asubuhi moja nikamsikia, amesimama palepale juani, kivuli chake kiko mbele yake, anaita, "Kulwa, saa ngapi?" Nikatazama kile kivuli. Nacho kilikuwa kinasubiri jibu.

Mtamba wangu wakati huo alikuwa ananenepa bila mimi. Nilikuwa simwangalii. Aliyekuwa anamwangalia ni Kulwa. Alikuwa anamletea magadi kutoka mbugani, udongo ule mweupe wa chumvi, ameufunga kwenye upindo wa kaptura, anamkuna chini ya shingo mpaka anafumba macho. Mimi nikasema moyoni, ona huyu, hata mtamba wangu anaonyeshwa saa. Sikufikiri jambo lingine. Wivu una jicho moja tu, na hilo moja lilikuwa limeganda mkononi mwake.

Mavuno yalipita, tukalima tena, tukapalilia tena. Siku tuko lambo tunanywesha, nikamwambia.

"Tubadilishane."

"Nini na nini?"

"Saa. Na mtamba."

Nilijua atacheka. Nilikuwa nimeandaa na maneno ya kumwambia akicheka. Kulwa hakucheka. Alinitazama, akamtazama mtamba aliyekuwa amezama mguu mmoja kwenye tope.

"Kweli? Hutageuka?"

"Sigeuki."

"Sema mbele ya Bibi."

Tukasema mbele ya Bibi. Akatukalisha chini, akamwuliza kila mmoja mara tatu kama ameridhika, nasi tukasema tumeridhika. Kulwa akaivua saa palepale. Chini yake ngozi ilikuwa imekuwa nyeupe, mkanda mzima wa ngozi nyeupe, akausugua kidogo. Kisha akakimbia. Alikimbia zizini, sikuwahi kumwona akikimbia hivyo tangu ile siku ya Mjomba. Na mimi badala ya kujiuliza anakimbilia nini, nilikuwa nazungusha pete.

Nisiwachoshe na furaha yangu, ilikuwa fupi. Kengele ikawa yangu, Afande nikawa mimi. Kila siku niliipeleka lambo, nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, naitoa, inatembea. Nikawa nawaza zile mita mia mbili, zingekuwa wapi, nikafikiri labda ndizo wanazochimba akina Mjomba. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Halafu asubuhi moja shuleni mwalimu akaniambia, "Doto, bado muda gani?" nikatazama, mshale mwembamba umesimama. Haukutikisika. Nikasema bado kidogo, nikatoka nje nikatazama kivuli cha rimu, nikagonga.

Siku tatu nilipiga kengele kwa kivuli, na mkono nimeukunja shati kama kawaida.

Nilijua kilichotokea. Mjomba alisema inakula mapigo ya damu. Kwa Kulwa ilikula mwaka mzima na zaidi ikashiba. Kwangu imekufa njaa. Na sababu nilikuwa nayo begani: yeye makovu mawili, mimi moja. Yeye dawa ilimwingia mara mbili, damu yake nzito. Mimi nilijificha nyuma ya magunia, na ile ya pili ilikuwa spiriti tu. Nilikimbia kuzunguka kaburi la babu mpaka nikatapika, ili mapigo yaongezeke. Nikanywa maziwa ya moto ya ng'ombe papo hapo chini ya chuchu. Nikaihamishia mkono wa kulia, nikaifunga kwenye kifundo cha mguu, nikaiweka kifuani juu ya moyo wenyewe na kuifunga kwa kitambaa. Nikazungusha kile kifungo cha pembeni mpaka ncha za vidole zikauma. Haikuamka.

Ningeweza kusema. Baba hakuwa mkali. Lakini niseme nini, kwamba damu yangu haitoshi? Watoto waambiwe, kisimani wajue? Basi jioni tunakula, siku ya nne, nikaivua nikaiweka katikati, karibu na bakuli la mboga.

"Kulwa alinipa ikiwa mgonjwa," nikasema.

Kulwa akaacha kutafuna. "Ilikuwa inatembea."

"Ilikuwa inachechemea. Ulijua. Ndiyo maana ulikubali haraka."

Hilo neno la haraka ndilo lililomponza. Maana kweli alikubali haraka, hata Bibi aliona, na mtu aliyekubali haraka anaonekana anaficha. Bibi akanishika kidevu. "Doto. Unasema kweli?"

"Kweli, Bibi."

"Kulwa, ulijua?"

Kulwa akasema, "Sikujua." Akasema hivyo tu. Siyo kwamba hakuwa na maneno, alikuwa na maneno kuliko mimi. Alikuwa ananitazama, na nafikiri alishajua nimedanganya na anasubiri mimi mwenyewe niseme. Tulizoea hivyo tangu tumboni, mmoja anaanza mwingine anamalizia. Sikumalizia.

Baba akaamua. Mali ikiwa na kasoro inarudi, kila mmoja achukue chake cha kwanza. Yule mtamba sasa alikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana. Asubuhi Kulwa mwenyewe akamfungua, akamleta, akaniwekea kamba mkononi. Kisha akaivaa saa. Ule mkanda mweupe wa ngozi ulikuwa haujapotea bado, saa ikakaa palepale pake.

Sote tukaitazama, Baba, Bibi, Mama, mimi. Na mimi niliomba tena. Niliomba isiamke. Ingeamka kwenye mkono wake pale mbele ya watu, ningekufa. Tukasubiri muda wa kuchemsha maji. Kulwa akaigonga kidogo kwa ukucha, akaipeleka sikioni. Haikuamka. Nikashusha pumzi, na Mungu ananiona ninapoandika hili, nilifurahi.

Ilinichukua miaka mingi kujua. Nilikuwa na mke na watoto watatu, niko Shinyanga mjini nimekaa karibu na fundi saa nasubiri gari, akafungua mgongo wa saa ya mtu, akatoa kitu kidogo cha kung'aa, akatia kingine kama hicho, mshale ukaanza kutembea. Nikamwuliza ni nini. "Betri, mzee." Ilikuwa kama kifungo cha shati. Nikamwuliza saa ya namna hiyo inakula wapi, mkononi? Akacheka sana, akawaita na wenzake waje wanisikie. Gari langu likaja, sikupanda.

Kwa hiyo Masunga, jibu lako hili, nililokuficha mnadani. Ile saa ilikuwa nzuri. Haikudanganya wakati hata siku moja, maji haikuyaogopa, niliipiga kwenye mawe na kioo hakikupasuka. Haikuwa na ubaya wowote. Mwisho nilikwambia nunua tu, ukafurahi, halafu nikakwambia nunua mbili, ukaniuliza, "Mbili za nini, Babu? Ya pili ya nani?" ukamtazama yule kijana mkacheka.

Mtamba alizaa jike, na jike akazaa jike. Nimeoa kwa uzao wake, nimesomesha kwa uzao wake, ingawa mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, maana zamu ya kuchunga haikuwa na mtu wa pili tena. Na Mama, mwanzo waliendelea kumwita Mama Kulwa, naye anaitika. Baadaye watu wakaona wanamchoma, wakawa wanasita katikati. Siku moja kisimani mwanamke mmoja akasema taratibu, "Mama Doto, leta ndoo yako." Nilikuwa karibu. Jina nililolingoja utoto wangu wote. Mama hakuitika. Alisimama anasubiri huyo Mama Doto aje achukue zamu yake, mpaka wakamgusa bega.

Siku ya mwisho kumwona ndugu yangu ilikuwa hivi. Ni mchana, tumeshanywesha. Kulwa akanawa miguu kwenye hori la ng'ombe, akavaa shati lake la shule, akakunja mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa namkuna mtamba chini ya shingo, pale pale alipokuwa anamkuna yeye, na mtamba hakufumba macho.

"Naipeleka kwa Mjomba," akasema. "Ikiamka narudi."

"Umemwambia Baba?"

"Utamwambia wewe." Akasimama kidogo. "Utakuwa unampa magadi?"

Nikasema, "Ni wangu."

Hilo ndilo nililosema. Akatikisa kichwa kukubali, kama nimemwambia saa. Akaondoka akifuata ua wa minyaa kuelekea barabara ya Tinde, hakukimbia, mikono inaning'inia. Alipofika pale ua unapokata kona aliinua mkono wa kushoto akaitazama, ile saa iliyokufa, kama mtu anayeangalia kama amechelewa, na hata ikiwa imekufa ilimpendeza, nikamwonea wivu. Kisha akakata kona.